Kapsuli Haizuii Meno ya Mtoto Kuoza

Wazazi wengi husema, "Meno ya utoto yatang'oka tu, ya nini kuyatunza?" Mimi sikubaliani na maneno hayo. Mtoto ana meno ya utoto 20. Magego yake hukaa mdomoni mpaka afikie miaka 10 au 12. Mtoto mwenye gego bovu hatafuni vizuri, halali usiku, na darasani hamsikilizi mwalimu.

Jino halitobolewi na funza. Mdomoni mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hula sukari, kisha hutoa asidi, yaani maji makali kama ya ndimu. Asidi hiyo hulimung'unya jino kidogo kidogo mpaka linatoboka.

Basi wako wazazi wanaofikiri hivi: kama ni vijidudu, tununue dawa ya kuviua. Katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, nimewaona ndugu zetu waliokuja kuuza mazao wakiulizia kapsuli za tetrasaiklini. Mmoja humpa mtoto ameze. Mwingine huifungua na kumwaga unga wake katika tundu la jino. Jambo hili ndilo limenifanya niandike.

Ndugu mzazi, usimpe tetrasaiklini mtoto wa chini ya miaka 8 bila amri ya daktari. Katika umri huo meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi. Dawa huingia humo. Meno yakiota yanaweza kuwa ya njano au ya kahawia, na hakuna mswaki utakaoitoa rangi hiyo. Na kuoza hakukomi. Vijidudu vikifa leo, vingine huja kesho, maana sukari ipo. Tena vinavyobaki huizoea dawa. Siku mtoto akiugua kweli, dawa hiyo huenda isimsaidie.

Dawa ya vijidudu vya meno ipo, lakini haimezwi. Hupakwa na mganga wa meno. Ina madini ya fedha pamoja na floraidi. Tone dogo hupakwa palipooza, bila sindano wala mashine. Huua vijidudu na kuligandisha jino liwe gumu. Mara nyingi hurudiwa baada ya miezi 6. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu. Kasoro yake ni kwamba palipooza huwa peusi daima. Akina mama wengine hawapendi weusi huo. Kwangu mimi, afadhali jino jeusi lisilouma kuliko jeupe lenye tundu. Ipo pia njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba tundu. Njia hiyo ilianzia hapahapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980. Uliza hospitali ya wilaya yako kama wanazo huduma hizo.

Ukifika Kariakoo, nunua dawa ya meno ya kupigia mswaki. Sasa unajua kusoma. Kabla hujalipa, tazama boksi, utafute neno Fluoride. Kama halipo, rudisha. Mtoto wa chini ya miaka 3 mwekee kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya mbaazi. Anza jino la kwanza linapoota. Mpige mswaki wewe mwenyewe, asubuhi na kabla ya kulala. Mti wa mswaki unamfaa mtu mzima, lakini magego ya mtoto mdogo ni taabu kuyafikia nao.

Na hizi zawadi za mjini! Kwa nini lazima ziwe pipi na biskuti? Mletee daftari au kandambili. Wala usimlaze na chupa yenye chai ya sukari.

Mtoto akifika miaka 6, mchungulie nyuma kabisa ya magego ya utoto. Hapo huota gego jipya bila jingine kung'oka. Wengi hudhani nalo ni la utoto, wakaliacha lioze. Gego hilo likitoka, halioti jingine.