Kichwa kinawasha? Weka chini kwanza hiyo chupa ya mafuta

Panda daladala asubuhi ya Jumatatu, hutamkosa. Dada amevaa vizuri, rasta zimekaa sawasawa, lakini kila baada ya dakika mbili anajipiga kichwani kwa kiganja kama anayeua mbu. Kujikuna hawezi, ataharibu msuko uliomla pesa na Jumapili nzima. Mwaka jana dada huyo nilikuwa mimi.

Nianze kwa kukiri, msomaji wangu, kwa sababu mtu anayeandika habari za afya alitakiwa kujua mapema. Nilikaa karibu miezi minane nawashwa kichwa. Usiku nilikuwa nachukua kitana chenye mkia na kuuingiza katikati ya mistari hadi nasikia raha, kisha maumivu. Asubuhi kucha zina unga mweupe. Blauzi nyeusi nilizikunja nikaziweka chini kabisa ya kabati.

Mama yangu, anayeishi Muheza, alikuwa na jibu moja tu kwenye simu: "Ngozi imekauka hiyo mwanangu, hujipaki mafuta." Akanitumia kwa basi chupa ya lita moja na nusu ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Nikapaka mstari kwa mstari, asubuhi na usiku. Mwanzoni unapata nafuu kweli. Unga unapotea, ngozi inang'aa, unalala. Kesho yake jioni muwasho unarudi na nguvu mpya, nawe unarudi kwenye chupa.

Wengi tumelelewa na imani hiyo, kwamba kichwa kikitoa unga kimekauka. Lakini mba, ambayo ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya mtu mzima kuwashwa kichwa, haitokani na ukavu. Kwenye ngozi ya kichwa cha karibu kila mtu wanaishi fangasi wadogo sana wa jamii ya hamira, ambao wataalamu huwaita Malasezia. Chakula chao ni mafuta yanayotolewa na ngozi yenyewe. Wakishayala huacha mabaki ya tindikali, na kwa baadhi yetu mabaki hayo huichokoza ngozi. Inawasha na kujivua haraka kuliko kawaida, na kwa ngozi nyeusi kama zetu mara nyingi sehemu hizo hupauka. Si uchafu, na huwezi kumwambukiza mtu.

Sasa fikiria mimi nilikuwa nafanya nini. Fangasi wanaokula mafuta, nami nawapakulia asubuhi na jioni. Mafuta mengi ya mimea, ya zeituni yakiwemo, wanaweza kuyatumia. Nafuu niliyoipata ilikuwa ya macho zaidi, kwa sababu unga ukilowa mafuta hauonekani.

Aliyenifungua akili ni mfamasia, mama mmoja wa makamo, siku niliyokwenda kununua dawa ya mafua. Aliniona najipiga kichwa kwenye foleni.

"Dada, hicho kichwa unakiosha mara ngapi?"

Nikamwambia kila nikifumua.

"Na unafumua baada ya muda gani?"

Wiki sita, saba hivi. Hakusema neno, aliniangalia tu, akaenda nyuma kuchukua chupa.

Ilikuwa shampuu yenye ketokonazoli asilimia 2, dawa inayopunguza fangasi hao. Zipo pia zenye zinki na zenye seleni, nazo hufanya kazi. Kosa nililofanya wiki ya kwanza ndilo wanalofanya wengi. Niliipaka kama sabuni, nikasugua nywele, nikasuuza hapo hapo, kisha nikalalamika kwamba dawa ni feki. Dawa hii inatakiwa ifike kwenye ngozi, si kwenye nywele, na ikae dakika tatu hadi tano kabla ya kusuuza. Gawanya kichwa mafungu, weka kwenye ngozi, sugua kwa ncha za vidole bila kucha, kisha tafuta la kufanya. Mimi nafua leso. Maelekezo ya kawaida ni mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne. Baada ya hapo unatumia mara moja kila wiki moja au mbili, maana fangasi hawaishi, wanapungua tu. Nywele zetu za kipilipili hukauka haraka zikioshwa mara kwa mara, kwa hiyo malizia na kondishena kwenye nywele, na kama mara mbili inakushinda, basi usikose mara moja kwa wiki. Wenye nywele zilizotiwa dawa wamwambie mfamasia kwanza. Kwangu wiki ya tatu ndiyo niliyolala usiku mzima.

Najua swali linalofuata. Nitaoshaje wiki nzima nimesuka? Inawezekana. Changanya shampuu na maji kidogo kwenye chupa safi yenye mdomo mwembamba, zile za tomato sosi zinafaa sana, ukamulie kwenye mistari, usubiri, kisha usuuze vizuri na ukauke kabisa kabla ya kufunga kichwa. Lakini kama muwasho ni mkali, fumua tu. Pesa ya msuko imeshaondoka.

Na si kila muwasho wa msuko ni mba. Ukianza kuwashwa siku ile ile au ya pili, bila unga, mtuhumiwa wa kwanza ni rasta zenyewe. Wasusi wengi siku hizi huziloweka kwanza kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki, wanazisuuza na kuzianika ndipo wasuke. Ukiona vipele vidogo kwenye paji la uso na kichwa kinauma ukitabasamu, msuko umebana, na kidonge cha maumivu hakitazuia nywele za mbele kukatika. Ulegezwe. Rangi nyeusi za nywele nazo huwa na kemikali ambayo baadhi ya watu ina mzio nayo, na ukisikia kuwashwa na kuvimba baada ya kupaka, acha moja kwa moja, usijaribu kampuni nyingine.

Basi, nikapona, nikawa daktari wa ukoo. Hapo ndipo nilipoharibu.

Mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka sita, anakaa kwa bibi yake huko Muheza. Mama akanipigia kwamba naye anajikuna kichwa, kina magamba. Kwa kujiamini kabisa nikamwambia asipake mafuta, nikatuma chupa ya shampuu kwa basi. Wakamwosha kama nilivyoelekeza. Baada ya wiki tatu nikatumiwa picha. Nyuma ya sikio kulikuwa na duara lisilo na nywele, kubwa kuliko sarafu, lenye vidoti vyeusi mahali nywele zilipokatikia. Mama aliandika chini yake: "Na shingoni ana vivimbe."

Yalikuwa mapunye. Haya nayo ni fangasi, lakini wa aina nyingine kabisa. Wanaambukiza, wanapenda watoto wa umri wa shule, na wanaingia ndani ya unywele wenyewe. Ndiyo maana krimu na shampuu peke yake haviyamalizi. Dawa haifiki walipo. Shampuu ile inapunguza tu kuwaambukiza wengine. Tiba ni dawa ya kumeza, na iliyozoeleka kwa watoto ni griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane, kipimo kikitegemea uzito wa mtoto. Mganga wa kituo cha afya alimwambia mama ampe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, kwa sababu mwili huipokea vizuri zaidi hivyo. Akataka kumwona na kaka yake, kwa sababu wanatumia kitana kimoja. Naye alikuwa ameanza.

Mapunye yakiachwa yanaweza kugeuka uvimbe laini wenye usaha, na uvimbe huo ukipona vibaya unaacha kovu ambalo nywele hazioti tena. Sikulala nilipoambiwa hivyo. Wiki tatu zilizopotea zilikuwa zangu, si za mama.

Kwa hiyo mzazi, mtoto wa shule ya msingi akiwa na magamba kichwani, usidhani ni mba hadi mganga aseme hivyo. Usimpake krimu za mchanganyiko zinazouzwa kila duka. Nyingi zina steroidi, zinatuliza muwasho huku fangasi wanaendelea kustawi chini yake. Angalia pia nyuma ya masikio na kisogoni kama kuna mayai meupe yaliyogandia kwenye nywele na hayapukutiki ukiyasugua. Hao ni chawa, na chawa wana dawa yao. Na kinyozi anayemaliza kichwa kimoja na kuhamia kingine bila kusafisha mashine, mwambie asafishe. Hata akinuna.

Kwa watu wazima, nenda kituo cha afya kama wiki nne za shampuu iliyotumiwa sawasawa hazikuleta mabadiliko, kama nywele zinatoka kwa mafungu, kama kuna vidonda au usaha, au kama magamba ni mazito na yametokea pia kwenye viwiko na magoti. Lipo jingine ambalo watu hulikwepa. Mba kali inayoshuka hadi kwenye nyusi, pembeni ya pua na kifuani, tena imekuja ghafla, wakati mwingine ni dalili kwamba kinga ya mwili imeshuka. Wengi wenye mba hawana VVU, lakini kwa hali kama hiyo kipimo ni jambo la busara, na majibu yakipatikana mapema dawa zipo. Madaktari wa ngozi ni wachache nchini, hivyo ukipewa rufaa, iwe ya hospitali ya mkoa au ya KCMC Moshi, kunakofundishwa wataalamu wa ngozi, usiikalie.

Binti yetu amemaliza wiki nane. Nywele zimeanza kuota kwenye lile duara, laini kama za mtoto mchanga, na kila nikipiga simu ananiambia, "Mama mdogo, zimeongezeka." Bibi yake bado ananitumia mafuta ya nazi. Siyatupi. Yanasaidia nywele zisikatike, kwa hiyo nayapaka kwenye ncha, kidogo, mbali na ngozi. Mama nimemwambia ukweli wote kuhusu Malasezia. Alinisikiliza hadi mwisho, akaguna, akasema wiki ijayo kuna chupa nyingine inakuja.