Mchoraji wa Mlima Mikeno

Mara nyingi wanafunzi hutuuliza: kuchora milima na miti kuna faida gani, nasi twaiona kila siku? Juma hili twajibu kwa habari za mtu mmoja.

William Leigh alizaliwa mwaka 1866 huko West Virginia, Marekani, zamani za Malkia Victoria wa Uingereza, wakati wachoraji wengi walipotoka mijini kwenda kuchora mashamba, mito na vilima. Akiwa kijana alivuka bahari, akajifunza kazi hiyo miaka mingi huko Munich, Ujerumani. Baadaye akachora majangwa ya nchi yake.

Mwaka 1926, umri wake ukiwa miaka 60, alifika huku kwetu Kivu pamoja na Carl Akeley, mtu wa makumbusho ya New York. Walipanda Mikeno, mlima ulio mashariki ya Masisi, katika hifadhi ambayo leo yaitwa Virunga. Kule juu pana baridi, mvua na ukungu. Tarehe 17 Novemba Akeley akafa kwa ugonjwa, akazikwa palepale Kabara. Wenzake wangaliweza kufunga mizigo na kushuka. Hawakufanya hivyo. Mkewe Mary alishika uongozi, na Leigh akaendelea kuketi na rangi zake, akingoja ukungu ufunguke, ili apate rangi halisi ya jani na ya wingu; maana akisharudi kwao asingeweza kutazama tena.

Huko New York akazikuza picha zile ndogo juu ya ukuta uliopinda, nyuma ya gorila waliokaushwa. Jumba lile lilifunguliwa mwaka 1936. Leigh alifariki mwaka 1955, lakini hata leo watoto wa mji ule husimama mbele ya milima yetu.

Jibu letu ndilo hili: yale tuyaonayo kila siku yaweza kuondoka. Vilima vingi vya Masisi vilivyokuwa msitu vimekuwa malisho. Watu wengi wa Masisi na Walikale wameyaacha mashamba yao kwa sababu ya vita, na wako watoto waliozaliwa kambini wasiokijua kilima cha babu zao. Ni nani atakayewaonyesha? Mikeno ulichorwa na mgeni. Mto Lowa na msitu wa Walikale wangoja mkono wa mwana wa nchi.

Basi, mwanafunzi, twaa karatasi na kalamu. Ukiwa nyumbani, keti mbele ya kilima kimoja, wala usiondoke upesi. Ukiwa ugenini, keti karibu na bibi yako, umwulize njia ilipita wapi na mti mkubwa ulisimama wapi, nawe uchore asemavyo. Mtakatifu Luka, msimamizi wa wachoraji, akuombee. Maana atazamaye kwa saburi kazi ya Mungu, huyo amekwisha anza kumshukuru.