Lugha ya Chuo na Lugha ya Shamba: Nafasi ya Kiswahili katika Maendeleo Endelevu

1.0 Utangulizi

Dhana ya maendeleo endelevu ilienea duniani baada ya mwaka 1987, pale tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilipotoa ripoti iliyotaka mahitaji ya kizazi cha sasa yatoshelezwe bila kuvipokonya vizazi vijavyo uwezo wa kutosheleza ya kwao. Kiswahili kiliipokea dhana hiyo kwa kutumia mzizi mmoja mara mbili: nomino maendeleo na kivumishi endelevu vyote vimenyambuliwa kutokana na kitenzi endelea. Kiambishi -vu, kama kinavyojitokeza katika tulivu, nyamavu na vumilivu, hutaja sifa iliyomo ndani ya kile kinachosifiwa. Mtu mvumilivu huvumilia mwenyewe, havumilishwi na mwingine. Kwa mantiki hiyo, maendeleo endelevu ni yale yanayoendelea kwa nguvu zake yenyewe, hata baada ya aliyeyaanzisha kuondoka.

Makala haya yanatetea hoja kwamba chuo hakiwezi kuleta maendeleo ya namna hiyo kwa kushirikiana na wanavijiji na wafanyabiashara katika lugha ambayo upande mmoja hauielewi. Lugha si kipaza sauti cha kutangazia matokeo ya utafiti tu. Ni uwanja ambamo ushirikiano wenyewe hufanyika au hushindikana. Hoja hiyo itafafanuliwa kwa mifano ya Uluguru na Umatengo nchini Tanzania.

2.0 Fundisho la Milima Miwili

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi bora ya ardhi katika milima ya Uluguru. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa njema, lakini katika sehemu nyingi udongo wa juu ulikuwa mwembamba, na uchimbaji ulifukua udongo wa chini usio na rutuba. Kazi iliongezeka, mavuno hayakuongezeka. Mwaka 1955 Waluguru walipinga, ghasia zikazuka, na matuta ya shuruti yakaachwa. Wataalamu walikuwa na elimu na amri, ila hawakuwa na njia ya kusikia mkulima alijua nini kuhusu udongo wake.

Umatengoni, wilayani Mbinga, mambo yalikwenda kinyume. Huko Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa vizazi kadhaa kwa mtindo uitwao ngolo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga katika miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi hizo. Shimo linalobaki hukusanya maji ya mvua, na nyasi zinapooza huwa mbolea ya maharage na mahindi yanayopandwa kwa zamu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, waliuchunguza mtindo huo na kuuchukulia kuwa chanzo cha elimu, si mabaki ya ushamba. Yafaa kuzingatiwa kwamba neno ngolo halikutafsiriwa. Limeingia katika maandishi ya kitaaluma likiwa neno la wenyewe, na kwa kubaki hivyo limebaki na ushahidi wa nani aliyeibuni maarifa hayo.

3.0 Biashara na Maneno ya Mkataba

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Mto Ruvu, ambao ni tegemeo kuu la maji la Dar es Salaam, hupata maji yake mengi kutoka Uluguru. Kiwanda cha mjini na mkulima wa mlimani wamefungwa na mto mmoja. Katika miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi wa kuwalipa wakulima wa Kibungo Juu kwa kutunza ardhi, na miongoni mwa waliokubali kuwa wanunuzi wa huduma hiyo walikuwamo DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola Kwanza.

Makubaliano ya aina hiyo husimama au huanguka kwa uteuzi wa maneno. Fedha ileile ikiitwa msaada, mkulima huwa mwombaji. Ikiitwa ujira, huwa kibarua katika shamba lake mwenyewe. Ikiitwa fidia, huwa mtu aliyepata hasara. Ikiitwa malipo ya huduma, yeye ni muuzaji mwenye haki ya kudai na kuuliza bei. Mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza na kuelezwa kwa mdomo kwa Kiswahili humwachia mfafanuzi uhuru wa kuteua mojawapo ya maneno hayo, na mkulima hutia dole gumba kwenye neno asilolijua. Hapa ndipo chuo kingeweza kufanya kazi ambayo kampuni na mashirika hayawezi: kuwa mfasiri asiyelipwa na upande wowote.

4.0 Pingamizi na Majibu

Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha na kwamba Kiingereza ndicho hukiunganisha chuo na ulimwengu. Sehemu ya pili ya hoja hiyo ina uzito, wala hakuna anayedai Kiingereza kifukuzwe. Lakini ile ya kwanza inakanushwa na taaluma ya hifadhi ya udongo yenyewe. Matuta ya fanya juu, ambayo mkulima huchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, na yale ya fanya chini, yanajulikana kwa majina hayo ya Kiswahili katika vitabu vya Kiingereza vya fani hiyo. Istilahi hizo zinasema kazi inayofanywa kwa namna ambayo mwenye jembe huielewa mara moja. Upungufu, basi, si wa lugha bali wa wataalamu wasiokwenda kuyatafuta maneno yanakosemwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kiswahili nacho chaweza kuwa ukuta. Majina ya aina za udongo na mimea aliyonayo bibi wa Kiluguru au wa Kimatengo hayamo katika Kiswahili sanifu. Mtafiti anayemhoji kwa Kiswahili cha ofisini atapata majibu ya kiofisi. Kwa hiyo Kiswahili kiwe daraja, si kituo cha mwisho, na lugha za jamii ziheshimiwe kama ghala la maarifa.

5.0 Hitimisho

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kila tasnifu iliyotokana na data za kijijini iwe na muhtasari wa Kiswahili utakaosomwa katika mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kutahiniwa, na pingamizi za wanakijiji ziambatishwe. Pili, wanafunzi wa Kiswahili na isimu waende nyanjani pamoja na wale wa kilimo na misitu, kazi yao ikiwa kukusanya istilahi kutoka vinywani mwa wakulima. Tatu, mikataba ya chuo, kampuni na kijiji iandikwe kwa Kiswahili, na nakala hiyo ndiyo iwe yenye nguvu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania, yameondoa kisingizio kilichokuwapo.

Hatua hizi zina gharama, na zitawakera baadhi ya wanataaluma, hasa ile ya kwanza, kwa kuwa itampa mkulima nafasi ya kumwambia msomi kwamba amekosea. Waluguru walikosa nafasi hiyo katika miaka ya 1950. Matuta yao yaliachwa, na milima ikaendelea kumomonyoka.