Kwenda Kitale na Bungoma

Kila mwaka baadhi ya vijana wetu wa pwani huitwa kusoma vyuo vya bara. Kimojawapo ni Kibabii, huko Bungoma, kilichopewa hati ya chuo kikuu mwaka 2015. Mzazi akipata habari hiyo huuliza swali moja tu: huko kunafikwaje? Kisha humkatia mtoto tikiti ya basi la usiku, akamwombea dua, akaona kazi yake imekwisha. Mimi naona haijakwisha.

Tuzitazame njia zenyewe. Kwa jahazi hatufiki, bahari yetu inakomea hapa. Kwa ndege, mtu aghalabu hubadilisha Nairobi, akashuka Eldoret, ambako uwanja wa kimataifa ulifunguliwa mwaka 1997. Kutoka hapo Kitale ni kama kilomita 70 kwa gari, na Bungoma kama 100. Ni njia ya haraka, lakini ni ya mwenye fedha, na abiria haoni ila mawingu.

Reli ndiyo iliyokuwa kamba ya kutuunganisha. Ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 baadaye ilipelekwa Eldoret, ikafika huko mwaka 1924, ikapita Bungoma kuelekea Uganda. Tawi lake likaingia Kitale mwaka 1926. Leo abiria wa treni mpya ya Mombasa, iliyoanza mwaka 2017, hushuka Nairobi, na kwa Kitale au Bungoma hana budi kutafuta gari.

Basi ndilo la wengi. Mombasa hadi Kitale ni kama kilomita 860, kwa kupitia Nairobi, Nakuru na Eldoret. Ukiipita Eldoret njia zinaachana: ya kulia yaenda Kitale, nyingine yashika Webuye hadi Bungoma. Wengi wetu huipita nchi yote hiyo usingizini.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, rai yangu ni hii: mpeleke mwanao wewe mwenyewe, mara ya kwanza, kwa nchi kavu na kwa mchana. Laleni Nairobi, mwendelee asubuhi. Mtaswali kwa utulivu, si kwa kumbembeleza dereva asimame. Chukueni na sweta, maana Kitale imekaa mita 1,900 hivi juu ya bahari.

Kuna atakayesema nauli ya watu wawili ni nzito. Ni kweli. Lakini sisi tuna sababu za kuijua nchi ile. Trans Nzoia, ambayo Kitale ndiyo mji wake mkuu, ni ghala la mahindi la Kenya, na sima tunayosonga hapa huenda ilitoka kwa mkulima wa huko. Na wazee wetu waliijua. Joseph Thomson alipofika Mumias, jirani ya Bungoma, mwaka 1883, Waswahili walikwisha kumtangulia. Walikaa, wakaoa, wakaacha lugha na dini mpaka leo. Tusifiche kwamba misafara ilifuata pembe, na biashara ya watumwa ilikuwamo pia. Hiyo nayo ni sababu ya kwenda kwa adabu.

Hapo Webuye mwonyeshe mwanao kilima cha Chetambe. Mwaka 1895 Wabukusu walijifungia ndani ya ngome yao wakapigana na majeshi ya Waingereza, wakauawa wengi. Mwaka huohuo, huku kwetu, Mbaruk bin Rashid wa Gazi alikuwa akipigana na Waingereza haohao. Watu wawili wasiojuana, adui mmoja, mwaka mmoja! Je, mtoto aliyesikia hayo akiwa amesimama mahali penyewe atawaita wenyeji wake "watu wa bara" tu, kama kwamba bara ni kijiji kimoja?

Wahenga walisema, tembea uone. Mzazi akifika, aonane na mama mwenye nyumba ya kupanga, ampe halua, amwambie: huyu sasa ni mwanao. Miaka minne ni mingi kwa kijana kukaa ugenini, na akiugua usiku wa manane, atakayemshika mkono si sisi wa Mombasa, ni mama huyo.