Mvuvi wa Ugalla awe kirangozi

NJIA YA MSAFARA
Na Salome Kapaya

Mito ya Mnyera na Ruhudji, kule bonde la Kilombero, inajulikana zaidi kwa wavuvi wa Johannesburg na London kuliko kwa Watanzania wengi. Kiangazi kikiingia, wageni hao hutua Dar es Salaam, hupanda ndege ndogo hadi uwanja wa nyasi porini, kisha hukaa kambini siku kadhaa wakimwinda samaki mmoja tu: yule mwenye meno yanayoonekana hata mdomo ukiwa umefungwa, ambaye wao humwita tiger. Kila mmoja wao amelipa maelfu ya dola. Samaki akipatikana hupimwa, hupigwa picha, halafu hurudishwa mtoni.

Hapa Tabora habari hiyo huwakera watu. Mzee aliyelea watoto wake kwa kambale wa Mto Ugalla haoni sababu ya mtu kuvuka bahari amkamate samaki asiyemla, na wapo wanaosema kwamba huko ni kuichezea riziki. Siidharau hoja hiyo, kwa sababu inatoka kwa watu wanaoijua njaa. Lakini samaki mkubwa aliyerudishwa akiwa hai atalipiwa tena na mgeni wa mwezi ujao, na huyo ndiye mzazi wa samaki watakaoingia nyavuni baadaye. Kwa hiyo sina ugomvi na kumwachia samaki. Swali langu ni nani anayelipwa samaki anapoachiwa, na hilo ndilo ninalotaka tulizungumze kabla safari za namna hii hazijafika kwetu. Zitafika. Samaki wa jamii hiyo wamo pia katika mfumo wa Mto Malagarasi na katika Ziwa Tanganyika, na wafanyabiashara wa utalii wanaijua ramani.

Kwanza tuuelewe uvuvi wenyewe. Nzi wa bandia hutengenezwa kwa manyoya na nyuzi zinazofungwa kwenye ndoana hadi zifanane na mdudu au samaki mdogo. Hana uzito wa maana, kwa hiyo kinachorushwa hasa ni mshipi: umetengenezwa mzito makusudi, na mkono hujifunza kuupeleka nyuma na mbele mpaka unyooke juu ya maji. Kwa tiger, kipande cha mwisho cha mshipi huwa cha waya wa chuma, maana meno yale hukata uzi papo hapo. Kile kijino cha ndoana kinachomzuia samaki kuchomoka hubanwa kwa koleo ili atolewe upesi. Mvuvi anayejua kazi yake hamweki samaki juani huku watu wakipanga picha. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, na samaki aliyechoka kwa mapambano anaweza kuogelea akaondoka, kisha akafia mbele ambako hakuna anayemwona. Maarifa haya si ya Wazungu peke yao. Kijana wa Kaliua aliyekulia kwenye mtumbwi atayashika haraka kuliko mgeni atakavyojifunza kusimama kwenye mtumbwi bila kuanguka.

Kinachofanya safari hii iwe ngumu ni umbali, na umbali sisi wa njia hii ya misafara tunaujua tangu zamani. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba 1857. Walikuwa na nguo, shanga, waya, bunduki na vifaa vya kupimia dunia. Pamoja na vyote hivyo walikwama hapa wiki kadhaa, kwa sababu wapagazi waliowaleta walikuwa wamefika mwisho wa mapatano yao. Mwenyeji wao, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir, ndiye aliyewasaidia kujipanga upya. Walipofika Malagarasi mwanzoni mwa 1858 hawakuvuka mpaka walipolipa hongo kwa Mzogera, mtawala wa Uvinza, maana mitumbwi ilikuwa ya watu wake. Stanley naye aligombana na wavushaji wa mto huohuo mwaka 1871 juu ya bei, na punda wake aliyeitwa Simba akakamatwa na mamba katikati ya maji. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa Kwihara, mwendo mfupi kutoka hapa mjini, kuanzia Machi hadi Agosti, akiwasubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwatuma kutoka pwani. Miezi mitano mtu mashuhuri kuliko wote katika safari za Afrika hakuweza kusogea, kwa sababu watu wa kumbebea mizigo na kumwonyesha njia hawakuwa wamefika.

Nayataja hayo kwa sababu vitabu vya wasafiri vilizoea kuieleza hongo kuwa unyang'anyi. Mimi naiona kuwa ada ya kupita katika nchi ya watu na kutumia chombo chao, na leo hakuna anayemshangaa mgeni akilipa kiingilio getini. Nayataja pia kwa ajili ya wapagazi. Mnyamwezi alibeba frasila mbili, karibu kilo 32, kutoka hapa hadi Bagamoyo na kurudi, na aliijua njia kwa miguu yake. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa mtumwa kutoka kwao akafikishwa India, aliwaongoza Burton, Speke, Stanley na Cameron kwa zamu, na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunuku medali ya fedha mwaka 1876. Huyo ni mmoja. Maelfu waliobeba walilipwa kitambaa cha merikani na shanga, na majina yao hayakuandikwa popote.

Sasa tuje Ugalla. Kwa miaka mingi lilikuwa Pori la Akiba, na watu wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Mpanda waliingia kwa msimu na kwa kibali, hawa kuvua, wale kurina asali. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Chini ya sheria ya hifadhi za taifa hakuna kutega nyavu wala kutundika mizinga. Siipingi hifadhi. Mto ule ulikuwa unachoka, na mtu wa Tabora mwenye kumbukumbu anajua jinsi samaki walivyokuwa wakipungua ukubwa sokoni. Lakini familia zilizoishi kwa mto zimebaki nje ya mpaka zikiwa na ujuzi ambao hakuna anayeununua: wapi maji yanabaki Oktoba mto unapokatika na kuwa madimbwi, kiboko analala upande gani, mamba anapenda ukingo upi, samaki wanapanda lini mvua za kwanza zinapochanganya maji.

Ujuzi huo ndio mgeni wa mshipi anaokuja kuununua. Atafika na fimbo nzuri na miwani ya kuona chini ya maji, lakini mto wenyewe hatakuwa ameuona hata siku moja. Hata mambo madogo yanamhitaji mwenyeji. Nguo za buluu na nyeusi huvuta mbung'o, na mbung'o wa Ugalla wanaweza kuiharibu siku nzima ya mtu ambaye hakuambiwa mapema. Masika, mabonde ya Malagarasi hufunikwa na maji kiasi kwamba mto na nchi kavu havitofautiani, kwa hiyo anayepanga safari kwa kalenda ya likizo za Ulaya, bila kumuuliza mtu wa huku, atalipia wiki nzima ya kutazama matete.

Isije ikasemwa kwamba sheria ya hifadhi inakataa uvuvi wa namna yoyote. Katika Hifadhi ya Taifa ya Rubondo, kule Ziwa Victoria, wageni huvua sangara kwa mshipi kwa ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Mlango huo ukifunguliwa Ugalla, au nje ya hifadhi kwenye mabwawa ya Malagarasi ambayo tangu 2000 yamo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, masharti yaandikwe kabla hema la kwanza halijasimikwa.

La kwanza ni mwongozaji, ambaye katika misafara ya zamani aliitwa kirangozi. Katika biashara hii jina linalotangazwa mara nyingi ni la mtu kutoka Afrika Kusini au Ulaya, na mwenyeji hupewa upondo asukume mtumbwi. Kusukuma mtumbwi ni kazi ya heshima, ila mtu anayejua samaki alipo asilipwe kama kibarua wa siku. Wavuvi wa zamani wa Ugalla wafundishwe kurusha mshipi, huduma ya kwanza na Kiingereza cha kutosha, wapewe vyeti, na mikataba ya kambi itaje idadi ya waongozaji wenyeji na mshahara wao. Haya si maajabu. Nchini Guyana, Amerika ya Kusini, kijiji cha Wamakushi cha Rewa kinamiliki kambi yake chenyewe. Wageni huja kumvua arapaima, mmoja wa samaki wakubwa kabisa wa maji baridi duniani, wakiongozwa na wanakijiji, na samaki hurudishwa majini. Watu waliokuwa wakimwinda yule samaki ndio sasa wanaomlinda, kwa sababu mshahara umo ndani yake.

La pili ni fedha. Tumezoea kusikia ujirani mwema ukitajwa darasa linapojengwa au kisima kinapochimbwa, na vijiji vinashukuru. Mimi nataka zaidi ya hapo: sehemu ya ada ya kila siku ya uvuvi iende kwenye akaunti ya vijiji vinavyopakana na mto, isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji mbele ya watu, kwa tarakimu. Mbunge au diwani atakayelisimamia hili nitamuunga mkono kwenye safu hii bila kujali rangi ya kofia yake.

La tatu ni samaki wenyewe, na hapa siko tayari kulegeza msimamo kwa mtu yeyote. Uvuvi wa starehe una historia ya kuhamisha viumbe. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti kutoka Uskochi akawatia katika mto wa Aberdare, Kenya, ili walowezi wapate kuvua kama kwao. Sangara alipandwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na mamia ya aina za furu zikapotea au kupungua vibaya. Malagarasi ina samaki wake ambao hawapatikani kwingine, akiwemo karomo, perege wa mabwawa ya chini ya mto huo, ambaye tayari yumo katika hatari kubwa ya kutoweka. Asitokee mwekezaji wa kutuambia kwamba mto wetu unahitaji samaki mwingine ili uuzike. Atakayetia kitoto kimoja cha samaki wa kigeni kwenye mto huu anyang'anywe leseni siku hiyohiyo.

Kwa mgeni anayepanga safari akiwa Muscat, Nairobi au Toronto, na najua wapo wana wa Tabora huko wanaosoma gazeti hili na wenye uwezo wa kulipa, nina ombi. Wakala akikutumia bei, mjibu kwa maswali: nani ataniongoza, anatoka kijiji gani, analipwa nini nisipokamata kitu, na kambi inafanya nini katika miezi ambayo mto umefungwa? Wakala mwenye majibu hatachelewa kuyatoa. Na Halmashauri za Kaliua, Urambo na Sikonge zisisubiri barua ya mwekezaji. Zikae na TANAPA kiangazi hiki, zichukue majina ya wavuvi waliokuwa na vibali vya Ugalla kabla ya 2019, zianze kuwaandikisha.