Mjapani Anabeba Ruaraka, Lakini Guinness Haijauzwa: Hii Dili Inakuhusu Aje?

Wasee, kabla uitishe ingine, swali ya haraka. Hiyo Guinness iko kwa meza yako, ni ya nani?

Ukisema ni ya Dublin, uko karibu. Ukisema ni ya Ruaraka, pia uko karibu. Jibu kamili ndio linaeleza ile dili kubwa ya pombe imekuwa kwa midomo ya watu.

Desemba 2025, Diageo, wale mabuda wa London wenye Guinness, walitangaza wanauzia kampuni ya Asahi ya Japani hisa zao 65% za EABL. Ukiongeza na hisa zao za biashara ya pombe kali hapa Kenya, wanabaki na dola bilioni 2.3 mkononi. Walisema serikali zikikubali, dili itafungwa nusu ya pili ya 2026. Diageo wako na madeni, na hiyo ganji itasaidia kuyapunguza.

Tusker inaenda, Guinness inabaki

Hapa ndio watu wengi hawakusoma vizuri. Tusker ni ya EABL, kwa hivyo inaenda na kiwanda kwa mwenye hisa mpya. Ile bia iliitwa jina la ndovu aliyeua mmoja wa waanzilishi wa kampuni, sasa bosi wake atakuwa Tokyo.

Guinness ni story tofauti. Jina linabaki la Diageo. Ruaraka itaendelea kuitengeneza, lakini kwa leseni. Yaani mtambo ni wa Asahi, wafanyakazi ni Wakenya, na jina ni la kukodisha.

Na si Kenya peke yake. Diageo waliuza Guinness Cameroon kwa Castel ya Ufaransa. 2024 wakauzia Tolaram hisa zao za Guinness Nigeria. 2025 Guinness Ghana pia ikaenda kwa Castel. Kila mahali mchezo ni ule ule: chukua kiwanda, malori, umeme na stress ya dola. Sisi tunabaki na jina.

Kwani wanaweza aje?

Ju hii pombe iliundwa isafiri. Mwaka wa 1801 Guinness waliandika mapishi ya bia nyeusi ya kupelekwa Karibi. Safari ilikuwa ndefu, meli ilikuwa na joto, na bia ya kawaida ingeharibika njiani. Wakaongeza hops na wakapandisha alcohol, vitu mbili zinazuia bia kuoza. Hiyo ndio babu wa Foreign Extra Stout, ile unakunywa leo. Kumbe ule ukali haukuwekwa ndio uwake haraka. Uliwekwa ndio chupa ifike ikiwa sawa.

Halafu nchi za joto zikaipenda hivyo hivyo. Jamaika wako na Dragon Stout ya 7.5%. Sri Lanka wako na Lion Stout ya 8.8%. Watu wa jua kali wanakunywa nzito, na huko Dublin wanashikilia painti ya 4.2%.

1962 Guinness walifungua kiwanda Ikeja, Lagos. Trick iko hapa: Dublin hutengeneza dondoo nzito nyeusi yenye ladha ya shayiri iliyochomwa, inasafirishwa kwa viwanda vya ng'ambo, kisha inachanganywa na bia imepikwa huko. Nigeria ilipopiga marufuku shayiri ya kutoka nje mwaka wa 1988, walipika na mtama na mahindi, na bado ikaitwa Guinness.

Umeona sasa? Mwenye dondoo na jina hahitaji kumiliki sufuria.

Sasa mfuko wako

Tangu mwisho wa 2024, ushuru wa bia Kenya hauhesabiwi kwa lita. Unahesabiwa kwa alcohol yenyewe: bob 22.50 kwa kila sentilita. Zamani ilikuwa bob 142.44 kwa lita, bila kujali ukali, kwa hivyo kila chupa ya nusu lita ilikuwa inalipa kama bob 71.

Piga hesabu. Tusker ya nusu lita, 4.2%, iko na sentilita 2.1 za alcohol. Ushuru wake ni kama bob 47. Guinness ya nusu lita, 6.5%, iko na sentilita 3.25. Hiyo ni kama bob 73. Bia nyepesi ilipumua, nyeusi haikupata kitu. Na pombe kali? Bob 10 tu kwa sentilita. Yaani alcohol ile ile ikiwa kwa chupa ya vodka inalipa chini ya nusu ya ile iko kwa stout. Alafu tunashangaa ka mbona vijana wa mtaa wanakunywa vitu vya vichupa vidogo.

Hesabu hiyo hiyo inakwambia kitu ingine: Guinness mbili ni kama Tusker tatu. Usijidanganye ati "nimekunywa mbili tu" halafu ushike nduthi. Na ile ya kuongeza damu? Chuma iko ndani ni kidogo sana. Kula managu.

Cha kuangalia

Bei ikipanda, uliza ni ushuru ama ni leseni, ju kampuni yenye inakodisha jina lazima ilipe mwenye jina. Pia angalia mkulima wa shayiri kule Narok na wa mtama kule Siaya: mikataba yao ni na kiwanda, na kiwanda ndio kinabadilisha mwenyewe. Asahi wakipenda kupika na mavuno ya hapa, hao wako sawa. Wakianza kutafuta bei ya chini nje, hao ndio watasikia kwanza, kabla hata bei ibadilike kwa kaunta.

Wewe unaonaje, mwenye kiwanda ama mwenye jina, nani amekula poa? Wacha maoni yako hapo chini.