Chati Iliyotoka na Daftari Lake

Dada mmoja ametuomba tumweleze kwa lugha nyepesi namna ya kuweka chati katika slaidi, kwani amekabidhiwa hesabu za chama cha akina mama mtaani kwao na mkutano wa mwaka u karibu. Ombi lake tumelipokea kwa furaha, na kwa haya kidogo. Kazi hiyo tuliwahi kuifanya wenyewe, tukasifiwa ukumbi mzima, na kabla ya jua kuchwa tukawa tumemfedhehesha mtu asiye na kosa lolote.

Tuanze na kazi yenyewe. Katika PowerPoint, fungua slaidi, bonyeza neno "Insert" lililo juu, kisha "Chart". Utaletewa aina za chati: za pau, za mstari, za duara na nyinginezo. Ukishachagua, chati ya mfano itatokea pamoja na jedwali dogo lenye tarakimu ambazo si zako. Hizo zimewekwa kushika nafasi tu. Andika zako juu yake, kisha vuta pembe ya mpaka wa rangi unaozizunguka mpaka usalie na unachokihitaji. Jedwali hilo la mfano huja na mafungu manne na safu tatu, na mwenye haraka hujaza safu moja akaziacha mbili. Siku ya mkutano, chini ya pau za akiba ya chama, watu husoma majina ya wageni wawili wasiojulikana na mtu: "Series 2" na "Series 3". Zifute safu hizo.

Ni chati ipi uichague? Duara hufaa pale tu unapogawa kitu kimoja kizima, mathalani matumizi ya mwaka, na vipande visizidi vinne au vitano. Mstari huonyesha mwendo wa muda mrefu. Pau hulinganisha, na kwa hesabu za chama hizo ndizo rafiki yako. Mskoti William Playfair, aliyechapisha mwaka 1786 kitabu cha chati za biashara ya Uingereza, alichora karibu zote kwa mistari iliyofuata miaka. Alipofika kwa biashara ya Uskoti akakosa takwimu za miaka mingi, basi akachora pau za mwaka mmoja. Upungufu wa hesabu ndio uliomfikisha kwenye pau. Nasi ambao daftari zetu hazijatimiza miaka miwili tusione haya kuzitumia.

Pana hila moja ya pau ambayo programu huifanya bila ya kuombwa. Tuseme akiba ilikuwa shilingi 412,000 robo ya kwanza, ikapanda hadi 420,000, kisha 428,000, na ikamalizia 436,000. Kwa kuwa tarakimu hizi zinakaribiana, programu huweza kuuanza mhimili wa wima kwenye 400,000 badala ya sifuri. Pau ya mwisho itasimama mara tatu ya urefu wa ile ya kwanza, hali ya kuwa akiba haikuongezeka hata kwa asilimia 6. Mama aliyeketi nyuma bila miwani hazisomi tarakimu. Huona mnara, akarudi nyumbani akiamini chama kimetajirika. Mwezi unaofuata akiomba mkopo akaambiwa sanduku halitoshi, atamdhania nani? Bonyeza mhimili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua mpangilio wake, na pale penye kima cha chini andika 0. Pau zitaonekana fupi na zenye kulingana. Ziache hivyo hivyo.

Sasa tufike kwenye haya yetu. Mwaka ule hatukuandika tarakimu upya. Mweka hazina wetu alikuwa na daftari zuri la Excel: ukurasa wa kwanza jumla za kila robo, wa pili majina ya waliokopa, kiasi walichochukua na kilichobaki. Mikopo yetu haina riba, na haitangazwi. Tulichora chati kutoka ukurasa wa kwanza, tukainakili, tukaibandika kwenye slaidi. Unapobandika namna hiyo, programu hukupa alama tano ndogo za kuchagua. Mbili huiunganisha chati na daftari lililobaki pale lilipo; mbili huliingiza daftari ndani ya slaidi; ya tano hubandika picha tupu. Tuliogopa kuunganisha, kwa kuwa faili ikihamishwa kwa flashi kwenda kompyuta nyingine, chati huonekana lakini haifikii tena daftari lake. Basi tukachagua kuliingiza. Hatukujua kwamba linaloingia si ukurasa ule mmoja uliochorwa. Huingia daftari zima.

Mkutano ulikwisha kwa chai na mahamri. Mwenzetu mmoja hakuhudhuria. Alikuwa katika eda ya mumewe. Ili asijione ametupwa, tuliituma ile faili kwenye kundi letu la WhatsApp, na kwa hakika tuliituma kwa ajili yake. Mpwa wake akamfungulia kwenye kompyuta sebuleni, mbele ya mawifi waliokuja kumtazama. Kijana alitaka kumkuzia zile tarakimu. Akabonyeza chati kwa kitufe cha kulia, akachagua "Edit Data", na daftari likafunguka lote. Katika ukurasa wa pili, jina la shangazi yake lilikuwa la tatu kutoka juu. Alikuwa amekopa kwa ajili ya matibabu ya marehemu, na marehemu mwenyewe hakupata kujua fedha zile zilitoka wapi.

Alitupigia simu baada ya Isha. Hakupandisha sauti. "Wanangu," alisema, "deni langu nitalilipa. Lakini mume wangu yuko kaburini, na leo ndugu zake wamejua kuwa alitibiwa kwa fedha za kukopa. Hilo mtalilipaje?"

Tuliufuta ujumbe usiku uleule. Lakini kufuta ujumbe hakuifuti faili iliyokwisha kuhifadhiwa katika kompyuta ya mtu, na waliokuwamo kundini ni zaidi ya thelathini. Tulikwenda kwa kila aliyeorodheshwa ukurasa ule, nyumba kwa nyumba, tukaomba radhi. Wawili hawajatusemesha vizuri hadi leo, nao wana haki yao.

Kwa hiyo dada yetu uliyeuliza, fanya hivi. Fungua daftari jipya lisilo na kitu, na uandike humo kwa mkono wako jumla nne tu, bila kunakili chochote. Chora chati yako humo. Ikikamilika, rangi na maandishi yakiwa sawa, inakili na uibandike kwenye slaidi kama picha. Picha hairekebishiki tena, hivyo hakiki tarakimu kwanza. Kabla ya kuituma faili kwa yeyote, ibonyeze chati kwa kitufe cha kulia na utazame: neno "Edit Data" likionekana, usiitume.

Eda ilipotimia miezi minne na siku kumi, mwenzetu alirejea mkutanoni, akaketi safu ya mbele. Chati ilipotokea ukutani aliinua mkono kabla ya mwenyekiti kusema neno.

"Hiyo ina daftari nyuma yake?"

Tukamjibu kuwa haina, ni picha tu. Akaomba slaidi isipitishwe haraka, kwani zile za mwaka jana hakupata nafasi ya kuzisoma.